Kitabu Mwandani: Kutoka kwa Allan Quatermain hata Vita vya Narung'ombe

Katika mwaka 1915 wasomaji wa Uingereza walipata kitabu kipya cha H. Rider Haggard, ambamo mwindaji Allan Quatermain anashuka katika pwani ya Kilwa na kushika njia ya bara, akitafuta ua linaloabudiwa na watu wa mbali. Miaka miwili baadaye jeshi la kweli lilitoka katika pwani hiyo hiyo, likashika njia ya kusini, na tarehe 19 Julai 1917 likapigana na jeshi la Wajerumani huko Narung'ombe, katika nchi ya Ruangwa na Nachingwea. Safari ya kwanza ilikuwa ya kubuni. Ya pili iliua watu. Walakini zote mbili zimezaa vitabu vikubwa, na kando ya vile vikubwa vimezaliwa vidogo. Na zote mbili zaamsha swali moja. Je, kitabu kidogo kinachoandikwa kufuatana na kikubwa chaongeza kitu, au chamuuzia msomaji mara ya pili kile ambacho amekwisha kukinunua?

Swali hili huulizwa sana na wapenzi wa hadithi za mfululizo, hasa zile zinazochanganya mapenzi na mizimu, uchawi na watu wasiokufa. Mwandishi akipata wasomaji wengi, mchapaji humtaka aendelee. Na kati ya kitabu na kitabu hupenyezwa riwaya fupi, aghalabu juu ya mtu wa pembeni, au harusi iliyorukwa, au utoto wa shujaa. Kijitabu cha namna hiyo chaweza kuitwa kitabu mwandani, kwa kuwa hakisafiri peke yake. Wako wasomaji wanaokipokea kwa furaha kama ndugu wa nyumba wanayoijua. Wako na wengine wanaokitupa kwa hasira, wakisema kwamba hamna ndani yake ila majina yale yale na fedha zao zimepotea.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo cha kitabu mwandani ni hicho hicho. Kikiingia nyumbani, yafaa kiangaliwe kama mwenyeji wake amepona kwa kuja kwake. Yaani, kama kitabu kikubwa kinasomeka leo kwa namna ambayo hakikusomeka jana. Kupendeza peke yake hakutoshi, kwa maana mambo mengi hupendeza na kusahauliwa. Historia ya vitabu vya Haggard yatoa mifano ya kupona na mifano ya kutopona, nayo ni mifano inayowahusu wasomaji wa Kiswahili kwa karibu.

Haggard alikaa Afrika ya Kusini tangu mwaka 1875 hata 1881, na baada ya kurudi kwao alitoa hadithi ya mashimo ya Mfalme Sulemani katika mwaka 1885. Mwaka 1887 alitoa hadithi mbili kwa pamoja zilizomjengea jina. Moja ni ile ya Allan Quatermain, ambayo safari yake yaanzia Lamu, ikapanda mto Tana, ikapita katika nchi ya Wamasai, ikaishia katika ufalme wa kubuni ambako Allan mwenyewe anafariki. Ya pili ni She, hadithi ya Ayesha, malkia aliyekaa katika mapango ya mji uliokufa kwa muda wa miaka elfu mbili, akimngoja mpenzi wake azaliwe tena. Ikiwa hadithi za mapenzi na mizimu zinazochapishwa siku hizi zina babu, basi Ayesha ni mmoja wa mababu hao. Na chanzo cha safari ya kumtafuta ni pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako chombo cha wasafiri chavunjika kwa dhoruba.

Kwa Kiswahili, Mashimo ya Mfalme Sulemani yalitokea mwaka 1929 kwa tafsiri ya Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1930 ikafuata Hadithi ya Allan Quatermain. Hivyo vijana wa Tanganyika, Kenya na Unguja walimjua mwindaji huyo kwa lugha yao wenyewe. Lakini yule msomaji aliyekuwa na vitabu hivyo viwili tu, alimjua Allan kama mtu asiye na mke. Katika kitabu cha kwanza msimuliaji anajisifu kwamba hadithi yake haina mambo ya wanawake, isipokuwa Foulata, binti anayekufa, na Gagool, kizee mchawi. Katika cha pili, ukurasa wa mwanzo wamkuta Allan amemzika mwanawe, Harry. Msomaji aona mtoto aliyekufa na baba anayelia, wala haoni mama. Baba huyo, kwa huzuni yake, anaamua kurudi Afrika na kutafuta mwisho wake huko. Hata hivyo kitabu hakisemi lolote la kutosha juu ya nyumba ile iliyobomoka.

Mwaka 1889 Haggard alitoa kijitabu juu ya mke wa Allan, kikachapwa pamoja na hadithi fupi nyingine tatu. Ni kifupi kuliko vile vikubwa. Ndani yake Allan ni kijana. Baba yake ni mhubiri aliyefiwa akahamia Afrika. Yumo mganga aitwaye Indaba-zimbi, anayeshindana na mwenzake katika kuita radi. Yumo Stella, ambaye Allan alimwokoa katika moto walipokuwa watoto Uingereza, na ambaye anamkuta tena mbali barani akiishi na baba yake. Yumo na Hendrika, mwanamke aliyelelewa na nyani, anayempenda Stella kwa wivu wa kutisha. Allan na Stella wanaoana. Hendrika anamteka Stella kwa msaada wa nyani. Anaokolewa, lakini mwili wake umekwisha kuvunjika, naye anafariki baada ya kumzaa mtoto. Mtoto huyo ni Harry.

Msomaji aliyekwisha kusoma kitabu cha mwaka 1887 anapofika hapo, anatambua kwamba ameelezwa maana ya ule ukurasa wa kwanza. Allan hakumzika mwana tu. Alizika kitu cha mwisho kilichobaki cha Stella. Uamuzi wake wa kwenda kufa katika nchi ya mbali, ambao kwanza ulionekana kuwa ni tabia ya mwindaji asiyetulia, sasa waonekana kuwa ni wa mtu aliyefiwa mara mbili katika kifo kimoja. Hakuna neno lililobadilishwa katika kitabu kikubwa. Kilichobadilika ni uzito wa maneno. Na yale majisifu ya kwamba hamna mambo ya wanawake yageuka kuwa kimya cha mtu asiyeweza kutaja jina. Hapana shaka Haggard alipoandika kitabu cha kwanza hakuwa amefikiri haya yote. Lakini msomaji husoma vitabu vilivyoko mbele yake, wala hasomi mawazo ya mwandishi wakati wa kuandika. Hapa mgeni amekuja na mwenyeji amepona.

Si kila kijitabu kilifanya kazi hiyo. Mwaka 1888, yaani mwaka mmoja kabla ya kile cha Stella, Haggard alikuwa ametoa kingine juu ya kisasi cha mwanamke aitwaye Maiwa, ambaye mwanawe aliuawa na mume wake mwenyewe, chifu Wambe. Ni hadithi yenye ndovu, mitego na vita, nayo inasimuliwa na Allan baada ya chakula. Yasomeka upesi na kwa raha. Walakini ikiondolewa katika mfululizo, Allan anabaki kama alivyokuwa. Hakuna ukurasa katika vitabu vikubwa unaoulizia habari zake. Huyu ni mgeni aliyekula, akazungumza vizuri, akaenda zake. Hana kosa, lakini hana dawa.

Liko na kosa la namna ya tatu, nalo ni la kusema mno. Mwaka 1923 Haggard alitoa kitabu ambamo Ayesha mwenyewe anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa kwake Uarabuni. Hicho si kijitabu, ni kitabu kizima. Lakini kazi yake ni ile ile ya kujaza pengo. Tabu ni kwamba pengo alilolijaza ndilo lililokuwa nguvu ya kitabu cha 1887. Malkia yule alitisha kwa sababu miaka yake elfu mbili ilikuwa giza, na msomaji alichungulia gizani humo kwa hofu. Alipowashiwa taa, akaona vyumba. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba kitabu mwandani ni kizuri kikijaza pengo. Kuna pengo ambalo ni jeraha, kama lile la Stella, nalo lataka kufungwa. Na kuna pengo ambalo ni mlango wa pango, nalo lataka kuachwa wazi.

Kati ya namna hizo iko kazi ya mwaka 1921, ambayo Haggard aliunganisha mifululizo yake miwili, akampeleka Allan kwa Ayesha. Watu wengi waweza kudhani kwamba huo ulikuwa ujanja wa biashara, kukutanisha majina mawili yanayouzika. Pengine ulikuwa hivyo. Hata hivyo sababu ya Allan kufunga safari si dhahabu wala ndovu. Anataka kujua kama wafu aliowapenda wako hai mahali popote, na kama wanamkumbuka. Swali hilo lisingekuwa na maana kama kijitabu cha 1889 kisingekuwapo. Kitabu kidogo kilikuwa kimemwachia mwandishi wake deni, na baada ya miaka 32 alilazimika kulilipa. Hii ni dalili nyingine ya kitabu mwandani cha kweli: hakirudishi macho nyuma tu, bali hukilazimisha kitabu kinachokuja kiulize jambo ambalo kisingeuliza.

Basi sheria hiyo ya hadithi yaweza kupelekwa katika historia, na Narung'ombe ni mahali pa kuijaribu. Vita vile vya mwaka 1917 havikuwa mbali na ulimwengu wa Haggard. Frederick Selous, mwindaji ambaye husemwa kwamba alikuwa mmoja wa vielelezo vya Allan Quatermain, aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. Miezi sita baadaye majeshi ya Kiingereza yaliyotoka Kilwa yalifika Narung'ombe. Aliyeyaongoza siku ile alikuwa Jenerali Beves. Aliyewangoja kwa upande wa Wajerumani alikuwa Kapteni von Liebermann. Chini ya Beves walikuwapo askari wa King's African Rifles, kikosi cha Gold Coast kutoka Afrika ya Magharibi, Wahindi na watu wa Afrika ya Kusini. Chini ya Liebermann wengi walikuwa askari Waafrika. Walipigana kutwa nzima. Usiku Wajerumani waliondoka, na Waingereza wakabaki na uwanja, lakini kwa hasara iliyowafanya wasimame kwa wiki nyingi kabla ya kuendelea. Ndipo vita vikaenda kusini hata Mahiwa, mwezi Oktoba, na mwishoni mwa Novemba jenerali von Lettow-Vorbeck akavuka mto Ruvuma.

Mtu atakayetaka kuyasoma hayo katika kitabu kikubwa cha serikali ya Uingereza atapata ajabu. Historia rasmi ya vita vya Afrika ya Mashariki ilitolewa mwaka 1941, na aliyeikamilisha ni Charles Hordern. Jalada la kwanza laanza Agosti 1914 na kukoma Septemba 1916. Jalada la pili halikuchapishwa. Kwa hiyo Narung'ombe imeangukia katika kitabu ambacho hakikutoka. Kitabu kikubwa kimeisimamisha safari yake miezi kumi kabla ya kufika hapo, kama msafiri aliyelala njiani asiamke.

Ni vitabu vidogo vya kando vilivyoibeba Narung'ombe. Sir Hugh Clifford, aliyekuwa gavana wa Gold Coast, alitoa mwaka 1920 kitabu cha kikosi cha koloni lake katika vita hivyo. Lettow-Vorbeck naye alitoa kumbukumbu zake mwaka huo huo. Moyse-Bartlett alitoa historia ya King's African Rifles mwaka 1956. Kila kimoja kina upande wake: mmoja atukuza kikosi, mwingine ajitetea, wa tatu ahifadhi sifa ya jeshi. Lakini msomaji akivisoma pamoja, anaona kwamba habari ya vita vile si habari ya majenerali wawili tu wakifukuzana, kama inavyosimuliwa mara nyingi. Aona watu waliotoka Gold Coast wakifa katika nchi ya Wamwera, mbele ya askari waliotoka Unyamwezi na kwingineko, kwa ugomvi wa wafalme wa Ulaya. Hilo ni jambo ambalo ramani yenye mishale haionyeshi.

Nchi hiyo ilikwisha kuwa na mfano wa jambo hilo kabla ya hapo. Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907, viliandikiwa kitabu kikubwa na gavana von Götzen, kilichotoka mwaka 1909. Kando yake ulikuwapo utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Utenzi huo ulitiwa chapa mwaka 1933, na mwaka 1957 ukatolewa tena kwa njia ya nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili. Nyongeza! Kwa jina ni kitu cha mwisho kabisa, kitu kinachofungwa nyuma ya kitu kingine. Lakini gavana aliandika kama mtu anayetoa hesabu ya maasi yaliyozimwa; mtunzi wa Lindi aliandika katika lugha ya watu walioyaona. Mwanafunzi anayevisoma vyote viwili hawezi tena kukisoma cha gavana kama alivyokisoma kwanza.

Yako maneno ya kupinga. Mtu aweza kusema kwamba kitabu kikubwa kilichokamilika hakihitaji mwandani, na kwamba kikihitaji mwandani basi kina upungufu. Hoja hii ina nguvu kidogo katika hadithi, ambamo mwandishi ana uhuru wa kuweka kila kitu mahali pake tangu mwanzo. Katika historia haina nguvu, maana hakuna aliyesimama mahali pote siku ya vita. Tena hata katika hadithi, Haggard asingeweza kuiweka habari ya Stella ndani ya kitabu cha 1887 bila ya kuiharibu. Baba anayemzika mwanawe hasimulii harusi yake. Ilipasa ije baadaye, na kwa sauti ya chini.

Mtu mwingine aweza kusema kwamba kitabu mwandani huandikwa kwa tamaa ya fedha. Hilo ni kweli mara nyingi, lakini si hukumu. Clifford aliandika kwa kutukuza koloni, Lettow-Vorbeck kwa kutukuza jina lake, na Haggard kwa kulipwa. Nia ya mwandishi huenda naye kaburini. Msomaji hubaki na kurasa. Swali linabaki lile lile: je, mwenyeji amepona?

Kwa kipimo hicho Narung'ombe bado ina jeraha lililo wazi hata katika vitabu hivyo vidogo. Ndani yake mna majina ya maofisa, mna namba za vikosi na saa za mashambulio. Wapagazi waliobeba risasi na chakula, na waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile vyote, wanatajwa kwa jumla kama mizigo waliyoibeba. Ukumbusho wao mkubwa katika Dar es Salaam ni jina la mtaa wa Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la jeshi lao. Wenye mashamba pale palipochimbwa mahandaki hawatajwi kwa majina. Ni kama Allan anavyoonekana katika ukurasa ule wa kwanza: kaburi liko, baba yuko, na mama hayupo.

Kijitabu cha kuliziba pengo hilo hakihitaji kurasa nyingi, wala hakihitaji kuyaeleza tena mapigano, kwa kuwa hayo yamekwisha kuelezwa. Kingeuliza mambo machache. Watu walikimbilia wapi siku tatu kabla ya mizinga kuanza? Maji ya kunywa waliyapata wapi katika kiangazi kile, visima vikiwa mikononi mwa majeshi? Nani alirudi kwanza, na alikuta nini shambani mwake? Wale waliokufa bila ya jina, nani aliwafukia, na mahali hapo panaitwaje leo? Majibu ya maswali kama hayo hayahifadhiwi London wala Berlin. Hukaa katika majina ya mabonde na miti, na katika maneno ambayo mtu wa miaka themanini aliyasikia kwa bibi yake, naye bibi aliyaona kwa macho. Miaka zaidi ya mia moja imepita tangu Julai ile, na wenye kuyasikia kwa waliyoyaona wanapungua kila msimu wa korosho.